Savage, Ruger, Howa au Brno: bunduki za bei nafuu na kiburi cha majina kwa wawindaji wa Dodoma

Muulize mwindaji wa Dodoma anatumia bunduki gani, na mara nyingi atataja kiwanda kabla ya kutaja ukubwa wa risasi. "Mimi ni mtu wa Brno." "Kwetu ni Winchester tu, tangu enzi za mzee." Mwenye Savage Axis mpya, yenye kitako cha plastiki, akiiweka mbele ya watu hao anaangaliwa kama aliyeingia ukumbini na kandambili.

Kiburi hicho kina sababu zake, na baadhi ni za msingi. Hapa kwetu bunduki haibadilishwi kila msimu. Umiliki unasimamiwa na Sheria ya Udhibiti wa Silaha na Risasi ya mwaka 2015, leseni inatolewa kwa silaha fulani yenye namba zake, na wengi wanamiliki moja tu ya kuwindia, labda pamoja na ya marisau kwa ajili ya kanga na kwale. Marekani, anayenunua Axis mara nyingi ana nyingine kabatini, ikimchosha anaiuza. Mtu wa hapa anachagua bunduki atakayokaa nayo miaka mingi na pengine kumrithisha mwanawe. Kuheshimu bunduki ambayo haikumwangusha baba yako ni busara. Shida inaanza pale jina linapochukua nafasi ya ukaguzi, mtu akanunua Brno ambayo mtutu wake umekwisha na kuiacha Howa nzima, kisa maandishi ya ubavuni.

Mapitio haya ni ya bunduki za bolti, yaani zile zinazofunguliwa na kufungwa kwa mkono kila baada ya risasi, za bei ya chini na ya kati, kwa mahitaji ya kanda hii: swala pala, ngiri, tandala, kongoni, pofu, na nyati kwa mwenye leseni yake. Kwenye vichaka vizito vya Itigi mnyama anaonekana kwa mita 40 na kupotea. Kwenye miombo iliyo wazi zaidi, mita 150 ni jambo la kawaida. Zaidi ya mita 200, mwindaji makini anasogea badala ya kubahatisha.

Tuanze na inayodharauliwa kuliko zote. Savage Axis ilitoka mwaka 2010 kwa jina la Edge, ikabadilishwa jina mwaka uliofuata. Huko Marekani ya kawaida huuzwa kwa dola 400 hivi. Ikifika huku, usafirishaji, kodi na vibali vinaongeza. Kinachowaudhi wapenda majina ni ile nati kubwa inayoonekana mahali mtutu unapoingia kwenye mwili wa bunduki. Wanasema inafanana na kazi ya fundi bomba. Savage wanaitumia tangu Model 110 ya mwaka 1958, na ndiyo inayoshusha bei bila kushusha shabaha. Kiwandani mtutu unazungushwa hadi kipimo cha chemba, pale risasi inapokaa kabla ya kupigwa, kikae sawasawa, kisha nati inafunga hapo hapo. Fundi halazimiki kuchonga bega la mtutu kidogo kidogo mpaka lilingane. Kichwa cha bolti nacho kimeachiwa kucheza kidogo ili meno yake mawili, yanayoifunga bolti kwenye mwili wa bunduki, yashike kwa nguvu sawa. Matokeo yake ni bunduki ya bei ndogo ambayo, ikipata risasi inayoipenda, inaweka risasi tatu ndani ya sentimita 3 au 4 kwa mita 100. Bunduki nyingi zenye bei mara tatu yake hazizidi hapo.

Pesa zilipunguzwa mahali pengine, na mnunuzi apajue kabla ya kulipa. Axis ya kwanza ina kifyatulio kizito kisichorekebishwa. Chagua Axis II, yenye AccuTrigger: kile kibati chembamba katikati ya kifyatulio kinazuia bunduki isifyatuke ikidondoka au ikigongwa, hivyo uzito unaweza kupunguzwa kwa usalama. Kinarekebishwa kati ya kilo 1.1 na 2.7 hivi, kwa porini, kilo 1.5 hadi 1.8 inatosha. Kushuka zaidi ya hapo ni kujitafutia ajali, hasa asubuhi za Julai vidole vikiwa vimekufa ganzi kwa baridi.

Bolti ya Axis ni ngumu kuinua, na wengi wanadhani ni kasoro. Kuinua mkono wa bolti ndiko kunakobana springi ya pini inayogonga risasi, na sehemu zinazosuguana huja na mafuta kidogo au bila kabisa. Paka grisi nzito kiasi cha punje ya mchele kwenye mteremko wa nyuma ya bolti, na nyingine nyuma ya meno mawili ya mbele. Baada ya kufungua na kufunga mara 200 hivi bila risasi, inalainika sana. Magazini ina ulimi wa plastiki unaoishikilia mbele. Ulimi huo hukatika mtu anapoipigapiga kwa kiganja ili iingie. Iingize kwa kuibana taratibu mpaka usikie mlio, na nunua ya akiba siku hiyo hiyo ya bunduki, kwa sababu ikipotea porini unabaki na bunduki ya risasi moja moja.

Kasoro kubwa zaidi ni kitako. Sehemu ya mbele ni tupu ndani na inapinda. Ukiegemeza bunduki kwenye miti ya kulengea au kwenye tawi, plastiki inasukumwa mpaka inagusa mtutu, na risasi inakwenda mahali tofauti na ilikokwenda ulipopigia kwenye mfuko wa mchanga. Hapo mtu anailaumu darubini, au anasema "Savage haina msimamo". Kupima ni rahisi: hakikisha bunduki haina risasi, pitisha noti au kipande cha karatasi kati ya mtutu na kitako, kivute kutoka mbele mpaka karibu na chemba. Kisha bana sehemu ya mbele kwa mkono, kwa nguvu unayotumia ukilenga. Karatasi ikikwama, kitako kinagusa.

Dawa yake si kununua kitako kingine cha bei sawa na bunduki. Toa kitako. Kwangua kuta za njia ya mtutu kwa msasa namba 120 uliozungushwa kwenye kipande cha bomba, mpaka ibaki nafasi ya milimita 2 kila upande. Ndani ya sehemu ya mbele, kwenye vile vyumba vitupu, laza fimbo mbili za alumini za milimita 6, ukizikwaruza kwanza zishike. Jaza gundi ya sehemu mbili, Araldite au inayofanana nayo. Gramu 150 hadi 200 zinatosha. Changanya kidogo kidogo, kwa sababu ukichanganya yote kwa pamoja kwenye kopo moja inapata moto na kuganda kabla hujaimimina. Usiijaze mpaka juu, acha njia ya mtutu. Ikae saa 24 kitako kikiwa kimelala sawa, ndipo urudishe. Bunduki itaongezeka uzito kidogo, na kwa bunduki ya risasi yenye teke kama .30-06 uzito huo unasaidia bega. Kazi hii ya kitako inawezekana nyumbani. Ya mtutu, bolti au kifyatulio iende kwa fundi mwenye leseni, bila mjadala.

Mshindani wake ni Ruger American, iliyotangazwa mwishoni mwa 2011. Imetatua kasoro ya Axis kwa njia nzuri: mwili wa bunduki unakalia vitalu viwili vya chuma vyenye umbo la V vilivyozama ndani ya kitako, kwa hiyo hautikisiki hata plastiki ikiwa nyepesi. Skrubu zake zinataka kukazwa kwa niutoni-mita 6.8 hadi 9, na hiyo ni nguvu kubwa kuliko inayotakiwa na Axis. Mtu akihamisha mazoea ya moja kwenda kwa nyingine, ama anapasua kitako ama anaacha bunduki inacheza. Bolti ina meno matatu na inainuka nyuzi 70 tu, hivyo mkono haugongi darubini. Kifyatulio kinarekebishwa kati ya kilo 1.4 na 2.3 hivi.

Ubaya wa Ruger ni magazini ya mzunguko. Ikiwa safi inalisha vizuri sana. Ikiingia vumbi la Dodoma, lile jekundu laini linalopita hata kwenye zipu ya begi, ule mzunguko unakuwa mzito na risasi ya mwisho inachelewa kupanda. Ifungue na kuipiga mswaki mkavu kila jioni. Usiweke mafuta ndani, yatageuka tope. Jambo la pili ni usalama. Kwenye kizazi cha kwanza, kitufe cha usalama hakifungi bolti. Ukipita kwenye vichaka, tawi linaweza kuinua mkono wa bolti bila wewe kujua, na siku ya kuhitaji utabonyeza kifyatulio na kusikia kimya. Gusa bolti kwa kidole gumba kila ukitoka kichakani. Kizazi cha pili kina kitufe cha hatua tatu ambacho kinaifunga.

Hawa wa Axis na hawa wa Ruger nao wana vita yao, na ni kali kuliko ya wenye bunduki ghali. Kila upande unaonyesha kadi yenye matundu matatu yaliyogusana. Risasi tatu ni ushahidi mdogo mno: piga makundi matatu ya tatu-tatu kwa bunduki ile ile na risasi zile zile, na utapata moja zuri, moja la kawaida na moja la aibu. Anayeonyesha lile zuri peke yake anajidanganya. Piga tano, acha mtutu upoe mpaka unashikika kwa mkono bila kuunguza, piga tano tena kwenye kadi ile ile, kisha pima yote kumi. Kundi la kumi ndani ya sentimita 6 kwa mita 100 ni bunduki ya kuaminika kwa tandala, iwe imeandikwa jina lolote.

Howa 1500 ya Japani ndiyo inayoonyesha vizuri zaidi jinsi kiburi kinavyogharimu. Weatherby Vanguard, ambayo mwenye nayo huitaja kwa sauti ya fahari, inatengenezwa na Howa kwa mwili na bolti za muundo ule ule. Tofauti ziko kwenye kitako, umaliziaji na jina. Howa ni nzito kuliko Axis na Ruger, bolti yake imefuliwa kwa kipande kimoja, na nyingi zina magazini ya ndani yenye kifuniko cha chuma chini. Kwa mwindaji anayepanda na kushuka kwenye gari siku nzima, magazini isiyochomoka ni neema. Kwa anayetaka bunduki moja ya .30-06 ya kukaa nayo, hii tunaiweka juu ya zote mbili zilizotangulia.

Tikka T3x, ya Riihimäki, Finland, kiwanda kile kile cha Sako, bei yake ni kama mara mbili ya Axis au zaidi, na inastahili kwa ulaini wa bolti na kifyatulio. Lakini magazini yake ni ya plastiki pia. Anayeicheka Axis kwa plastiki na kunyamaza akifika kwa Tikka anapima kwa jina.

Sasa Brno, na hapa wapenda jina wana hoja ya kweli. ZKK 600 na 602, pamoja na CZ 550 iliyozifuata, zina ukucha mrefu ubavuni mwa bolti, kwa muundo wa bunduki za zamani za Mauser za Ujerumani. Risasi ikitoka tu kwenye magazini, ukucha unaishika ukingo wa ganda na kuiongoza mpaka chemba. Axis, Ruger American, Howa na Tikka zinaisukuma risasi ikiwa huru, na ndoano ndogo inaruka juu ya ukingo pale bolti inapofungwa. Tofauti inajitokeza mtu akiwa na haraka au hofu. Akisukuma risasi mbele bila kufunga bolti kabisa, kisha akavuta nyuma, kwenye bunduki ya kusukuma ile risasi inabaki ndani ya chemba; akisukuma tena, ya pili inagonga kitako cha ya kwanza, na hapo bunduki imekwama. Yenye ukucha mrefu inaitoa ya kwanza nje na kuendelea. Ukucha mpana pia unavuta kwa nguvu zaidi ganda lililonata kwa joto na uchafu.

Kwa swala pala hilo halikuhusu, akikimbia, amekimbia. Kwa nyati aliyejeruhiwa na kuingia kichakani linakuhusu sana. Kwa wanyama hatari kiwango cha chini hapa nchini ni .375, na .375 H&H, iliyozaliwa Uingereza mwaka 1912, bado ndiyo jibu la kawaida. Axis na Ruger American hazikujengwa kwa kazi hiyo. Mwenye mfuko mdogo aangalie Zastava M70 ya Kragujevac, Serbia. Umaliziaji wake ni mkavu, mbao zake za kawaida, na mara nyingine njia ya kulishia inahitaji fundi ailainishe. Lakini muundo ni wa Mauser kamili. Wamarekani waliwahi kuuziwa bunduki hizi kwa majina ya Interarms Mark X na Remington 798, na waliokuwa wakiidharau Zastava walizinunua kwa jina hilo la pili bila kelele.

Wanaong'ang'ania neno Brno wajue pia kwamba ZKK nyingi zilitengenezwa Uherský Brod, mji mwingine kabisa wa Jamhuri ya Cheki. Na CZ 600 ya mwaka 2021 ni bunduki nyingine, haina ule ukucha mrefu. Mwenye kuinunua kwa imani ya babu yake ananunua kitu ambacho babu hakukijua.

Katika bunduki zinazosemwa "zimeharibika shabaha", mtutu ndio wa mwisho kushukiwa. Wa kwanza ni skrubu za kiti cha darubini. Nyingi zinakuja zikiwa na mafuta ya kiwandani, na barabara ya vumbi yenye makorogesheni inazilegeza kwa siku moja. Zitoe, zioshe kwa spiriti pamoja na matundu yake, weka tone moja la gundi ya bluu ya kuzuia skrubu zisilegee, kaza kiti kwa niutoni-mita 2.3 hadi 2.8 na pete kwa 1.7 hadi 2. Ukizidisha kwenye pete unaliminya bomba la darubini na vioo havisogei tena sawasawa. Bisibisi yenye kipimo si anasa. Watu wanne wakichangia moja, inawatosha.

Wa pili ni darubini yenyewe. Axis na nyingine nyingi huuzwa na darubini ya kifurushi, na hiyo ndiyo sehemu dhaifu kuliko zote. Jaribu hivi kwa mita 100: piga risasi mbili, zungusha mibofyo 20 kulia, piga mbili, 20 juu, mbili, 20 kushoto, mbili, 20 chini, mbili. Kila hatua inapaswa kusogea sentimita 14 au 15 kwa darubini ya robo dakika (kila mbofyo unasogeza robo ya dakika ya nyuzi), na zile za mwisho ziangukie kwenye za mwanzo. Zisiporudi, badilisha darubini kabla ya kufikiria kubadilisha bunduki. Pesa iliyookolewa kwa kununua Axis badala ya Tikka iende hapa.

Kwa .30-06 yenye kichwa cha gramu 11.7, inayotoka kwa mita 820 hivi kwa sekunde, weka risasi ianguke sentimita 5 juu ya alama kwa mita 100. Itarudi kwenye alama karibu mita 180, na kwa mita 225 itakuwa chini sentimita 8 hivi. Kwa tandala unalenga katikati ya kifua bila hesabu nyingine. Wapo wanaohofia kwamba bunduki iliyosawazishwa Pwani itapotea Dodoma kwa sababu ya mwinuko wa mita 1,100. Ndani ya mita 200 tofauti hiyo haionekani. Kinachoonekana ni risasi zilizoachwa mbele ya kioo cha gari Oktoba saa nane mchana. Presha yake inapanda, bolti inakuwa nzito kufungua, na shabaha inahama. Zikae kwenye boksi chini ya kiti, ndani ya kitambaa.

Mwenye kununua iliyotumika, ya jina lolote, aikague mchana. Amulike mwanga kupitia tundu la mtutu na atazame mbele kidogo ya chemba: mistari ya ndani inayoizungusha risasi ikiwa imefifia, au kuna ngozi yenye nyufa ndogo ndogo, mtutu umechoka. Kwenye ZKK za zamani ajaribu kitufe cha usalama kwa makini, kwa kuwa kwenye nyingi kinafanya kazi kinyume na cha bunduki nyingine: kusukuma mbele ni kufunga, kuvuta nyuma ni kuwa tayari kupiga. Mtu akiiazima kwa mazoea ya bunduki nyingine, hatari ni kubwa. Kwenye CZ 550 kifyatulio kikisukumwa mbele kinakuwa chepesi mno. Hilo ni la kulengea ukiwa umetulia, na si la kutembea nalo. Remington 700 zenye kifyatulio cha X-Mark Pro zilizotengenezwa kati ya Mei 2006 na Aprili 2014 ziliitwa kurudishwa na kampuni, hivyo anayeuziwa moja aulize kama kifyatulio kilibadilishwa. Mwisho alinganishe namba ya mwili wa bunduki, ya bolti ikiwepo, na ile ya kwenye leseni ya muuzaji. Namba ya bolti isipolingana, bunduki iende kwa fundi ipimwe chemba kabla haijapigwa hata risasi moja. Namba ya leseni isipolingana, biashara iishie hapo.